Uungwana Ndani ya Timu ya Ligi ya Bolingi: Mwongozo Kamili kwa Mchezaji na Nahodha

Ligi nyingi za bolingi za burudani nchini Marekani huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba na kumalizika Aprili au Mei. Ni jioni moja kila wiki, watu walewale, meza ileile, gemu tatu. Jambo dogo linaloudhi wiki ya pili, lisiposemwa, huwa limeshakuwa ugomvi ifikapo wiki ya ishirini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejiunga na timu kwa mara ya kwanza, pengine amealikwa na wafanyakazi wenzake kule Ohio, Texas au Minnesota. Ni wa nahodha pia, anayetaka watu wake wafike mwisho wa msimu wakiwa bado wanasalimiana. Tunazungumzia bolingi ya pini kumi inayochezwa chini ya kanuni za United States Bowling Congress (USBC), chombo kilichoundwa mwaka 2005 kwa kuunganisha vyama vya zamani, kikiwemo American Bowling Congress kilichoanzishwa mwaka 1895. Aliyezoea kukodi njia, yaani ule mkondo mpira unamobingirika kwenda kwenye pini, kwa saa moja pale Village Market, Nairobi, ajiburudishe na familia, ataona kwamba mpira na pini ni vilevile, ila ligi ina taratibu zake.

Kumpa mpinzani mkono baada ya gemu ni rahisi, na karibu kila mtu hufanya hivyo. Wanaoumizana kweli ni watu wa timu moja: kwa kuchelewa, kwa kununa, kwa kufundishana bila kuombwa, kwa jicho linalomfuata mwenzako aliyeacha pini moja imesimama. Huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Kabla ya yote, ielewe hendikapu

Dharau nyingi ndani ya timu hutokana na kutojua hesabu. Hendikapu ni pini anazoongezewa mchezaji kwenye alama zake kulingana na wastani wake wa alama kwa gemu, na kila ligi hujiwekea kiwango chake. Tuchukue mfano unaotumika sana: asilimia 90 ya tofauti kati ya wastani wako na 220.

Mwenye wastani wa 200 anapungukiwa 20, kwa hiyo anaongezewa pini 18 kila gemu. Mwenye wastani wa 150 anapungukiwa 70, anaongezewa 63. Sasa siku ya mchezo huyu wa 150 anapata 160, na yule wa 200 anapata 195. Kwenye hesabu ya timu wa kwanza ameleta 223, wa pili 213. Aliyeonekana dhaifu ndiye aliyeibeba timu jioni hiyo.

Katika ligi ya hendikapu hakuna mchezaji wa kujazia nafasi. Mwenye wastani mdogo akicheza kwa utulivu, pini zake kumi za ziada zina thamani ileile kama za bingwa wenu. Akichezea hofu ya kulaumiwa, mtazipoteza pini hizo, na mtakuwa mmezipoteza wenyewe.

Tena, ligi nyingi hutoa pointi kwa kila gemu na pointi nyingine kwa jumla ya gemu tatu. Gemu ya kwanza ikishapotea, fremu zake za mwisho (fremu ni zamu moja kati ya kumi za mchezaji katika gemu) bado zinahesabika kwenye jumla. Anayeanza kurusha ovyo kwa sababu "hii imekwisha" anawaibia wenzake.

Hatua ya 1: Fika mapema, na usipofika, sema

Ligi ikianza saa kumi na mbili na nusu jioni, uwe ndani ya ukumbi saa kumi na mbili kamili. Muda huo si mwingi: kuna kuvaa viatu, kulipa, kusalimiana na watu, kisha mazoezi ya dakika kumi hivi kabla mashine haijaanza kuhesabu. Anayeingia wakati mazoezi yanaisha hucheza fremu tatu nne za kwanza akiwa bado anaitafuta njia, na hasara hiyo huwekwa kwenye hesabu ya timu nzima.

Ukijua hutakuja, mwambie nahodha siku moja kabla, si dakika ishirini kabla. Sababu ni ya kihesabu. Asiyekuwepo mara nyingi huandikiwa wastani wake ukipunguzwa pini 10: mwenye 150 anahesabiwa 140. Kwa gemu tatu hizo ni pini 30 zimekwenda kabla hajarusha mtu. Nahodha akipata taarifa mapema anaweza kumtafuta mchezaji wa akiba. Na katika ligi nyingi ada ya wiki hiyo unadaiwa hata kama hukuja, kwa hiyo itume pamoja na ujumbe wako.

Mwezi wa Ramadhani upangwe kabla haujaingia. Ligi za jioni hukutana na magharibi katikati ya gemu. Mwislamu anayefunga amweleze nahodha wiki moja mbele, naye nahodha amweleze nahodha wa upande wa pili: atafuturu kwa maji na tende fremu yake ikiisha, na chakula chenyewe atakula gemu ikiisha. Likielezwa mapema hutaona mtu akinung'unika. Ule tende, halafu ufute vidole vizuri, maana utamu ule hunata kwenye matundu ya mpira na kidole hakitoki kwa wakati wake.

Hatua ya 2: Viatu, mpira na meza

Sehemu ya hatua, yaani sakafu iliyo kabla ya mstari wa faulo, ule usiovukwa wakati wa kurusha, ina urefu wa futi 15 au zaidi. Mchezaji huimaliza kwa kuteleza: anayetumia mkono wa kulia huteleza kwa mguu wa kushoto. Soli ikiwa na unyevu haitelezi. Hugoma ghafla, mwili ukaendelea mbele, na mtu akaanguka akiwa ameshika mpira unaoweza kufika ratili 16, yaani kilo 7.26. Magoti na viganja huumia hapo.

Kwa hiyo vinywaji vyote vikae mezani, nyuma kabisa. Usiende chooni wala nje kuvuta hewa ukiwa na viatu vya bolingi bila kuvifunika. Kitu kikimwagika, simamisha mchezo na umwite mhudumu hata kama ni tone. Usinyunyize poda sakafuni ili uteleze vizuri: hata kama inakusaidia wewe, atakayekuja nyuma yako hajui iko wapi, na kanuni zinakataza.

Mpira wa mtu haushikwi bila ruhusa, hata kwa kuupima uzito tu. Matundu yake yamechongwa kwa vidole vya mwenyewe na anajua uso wake ulivyo. Vivyo hivyo taulo yake. Taulo hiyo iwe kavu: tangu mwaka 2019 USBC hairuhusu kusafisha mpira kwa dawa ya maji mchezo ukiwa unaendelea, na kuukwaruza kwa msasa wakati huo pia ni marufuku.

Unapochukua mpira kwenye mashine inayoirudisha, ushike kwa viganja viwili pande zile ambazo hazigusani na mipira mingine. Usitie vidole kati ya mipira miwili. Mpira unaotoka chini huja kwa kasi, na aliyewahi kubanwa kidole hapo jioni yake huwa imeishia hapo.

Hatua ya 3: Zamu yako na zamu ya jirani

Katika ligi timu mbili hugawana jozi ya njia. Kila fremu unabadilisha: ukimaliza fremu ya kwanza njia ya 11, ya pili utaichezea njia ya 12. Asiyefuatilia hilo hurusha kwenye njia isiyo yake, mchezo ukasimama watu waite katibu.

Kabla ya kupanda sehemu ya hatua, tazama kulia na kushoto, njia moja kila upande. Kuna mtu ameshasimama tayari? Subiri chini, mpira ukiwa bado kwenye mashine au kifuani, lakini usipande. Mkifika kwa pamoja, mila ni kumpisha aliye kulia kwako. Akikupisha yeye kwa ishara ya mkono, nenda mara moja, msianze kupishana hadi wote wawili mkapoa.

Ukishapanda, rusha. Ukishaurusha, rudi kinyumenyume au geuka ukitembea ndani ya upana wa njia yako. Wengi hukosea hapa: mpira umekwenda vibaya, mtu anaufuata kwa mwili akisogea upande hadi anasimama mbele ya jirani aliyekuwa ameanza hatua zake.

Kuchelewesha nako ni utovu wa adabu, japo haupigi kelele. Fanya hesabu. Timu mbili za watu wanne ni watu wanane. Kila mmoja ana fremu 30 kwa gemu tatu, jumla fremu 240. Kila mtu akipoteza sekunde 20 kila fremu kwa simu au soga, hizo ni sekunde 4,800, ambazo kwa njia mbili zinazokwenda sambamba zinakuwa dakika 40. Kuna mtu hapo ana zamu ya kazi alfajiri.

Dawa yake ni utaratibu huu: aliye mbele yako akipanda, wewe simama, futa mikono, weka simu chini. Anapotoka, pini zikipangwa, mpira wako uwe mkononi. Kama unakula mabawa ya kuku, ule ukishatoka kurusha, maana ndipo una muda mrefu kuliko wote.

Hatua ya 4: Uso wako mwenzako anaporudi

Kutoka mstari wa faulo hadi mezani ni hatua chache, na anayerudi huzipiga akitazama nyuso za wenzake. Kitu cha kwanza anachokiona ndicho anachokwenda nacho fremu inayofuata.

Inua kichwa. Mpe tano au gongesha naye ngumi kidogo, awe amepata straiki (pini zote kumi kwa mpira wa kwanza) au amekosa. Ligi nyingi zina mazoea hayo kwa sababu nzuri: mkono ukitolewa kila mara, kukosa hakugeuki kuwa adhabu. Ukitoa mkono kwa straiki tu, ukimya wako kwa aliyekosa utasikika ukumbi mzima. Asiyependa kuguswa, au ambaye kwa dini yake hapeani mkono na asiye maharimu wake, aseme siku ya kwanza. Kichwa kikiinamishwa au mkono ukiwekwa kifuani, inatosha.

Baada ya ishara hiyo, yatazame maneno yako. Kwa straiki sema utakavyo. Kwa spea nzuri, yaani kuziangusha pini zilizobaki kwa mpira wa pili, hasa ngumu, sifa iwe kubwa kuliko ya straiki, kwa sababu mchezaji wa kati hujenga wastani wake kwa spea. Kwa spliti, yaani pini zilizobaki zikiwa zimeachana, kama pini ya 7 na ya 10, zile zinazobaki kila moja pembe yake, nyamaza. Hata mabingwa huikosa. Kwa aliyekosa pini moja nyepesi, "inayofuata" inatosha. Usiseme "ah, ile ilikuwa rahisi." Anajua.

Na usicheke mpira ulioingia mferejini mpaka mwenyewe acheke kwanza.

Hatua ya 5: Kufundishana

Hakuna kinachovunja timu kama hiki, na anayekifanya huwa na nia njema. Mwenzake ameacha pini ya 10, yeye anasimama: "Umeangusha bega. Na mkono umeuzungusha mapema. Na hatua ya tatu ni ndefu." Matokeo yake yanajulikana. Mchezaji anakwenda na mambo matatu kichwani, mwili unakakamaa, fremu inayofuata ni mbaya zaidi, naye mshauri anaona ushahidi kwamba alikuwa sahihi.

Tenganisha vitu viwili. Kuna habari ya njia na kuna makosa ya mwili.

Habari ya njia ni mali ya timu, itoe bila kusubiri kuombwa. Njia ina mbao 39 kwa upana na imepakwa mafuta yasiyolingana kila mahali, aghalabu mengi katikati na machache pembeni. Mipira ikipita mahali pamoja kwa gemu mbili, mafuta hayo husogea na kupungua, na mpira uliokuwa ukiingia vizuri huanza kukata, yaani kupinda, mapema. Kwa hiyo sema: "Mpira wangu ubao wa kumi umeanza kukata mapema njia ya kushoto." Umeeleza ulichokiona kwenye mpira wako, hujamhukumu mtu.

Makosa ya mwili ni ya mwenyewe. Usiyataje mpaka akuulize. Akikuuliza, mpe jambo moja, lile ambalo unaamini litabadilisha zaidi. Liseme kati ya gemu na gemu, au nje ya ligi siku ya mazoezi. Kati ya mpira wa kwanza na wa pili wa fremu usimpe chochote, hata akigeuka kukutazama. Na mkiombwa ushauri wawili mkaona tofauti, mmoja wenu anyamaze.

Kitu kimoja tu hakisubiri ruhusa: usalama. Mpira mzito kuliko nguvu za mtu, kamba ya kiatu iliyofunguka, maji sakafuni. Hayo sema papo hapo.

Mtu anapofululiza straiki, watu wengi wa ligi hawapendi zitajwe. Alama 300, ya juu kabisa, inahitaji straiki 12 mfululizo, tatu kati yake katika fremu ya 10, na mwenye saba anahesabu mwenyewe. Muulizane mapema mwanzoni mwa msimu: nani anataka kelele, nani anataka kimya. Akifika fremu ya 10 akiwa bado hajakosa, wachezaji wa njia za jirani husimama wenyewe kumpisha. Timu yake ikae chini, simu za kurekodi ziwe nyuma ya kiti.

Hatua ya 6: Hasira

Kila mchezaji atakasirika. Weka mpaka: hasira iishie kwenye sehemu ya hatua. Vuta pumzi, geuka, shuka. Kupiga teke mashine, kutukana, kurusha taulo, kurusha mpira wa pili bila kulenga, vyote vinawahamishia wenzako mzigo usiowahusu. Usipoweza kujizuia, tembea hadi nyuma ya ukumbi na urudi zamu yako ikiwa haijafika.

Kwa nahodha: mchezaji akivuka mpaka, usimkemee mezani mbele ya timu nyingine. Subiri gemu tatu ziishe, mchukue pembeni, taja tendo lenyewe na fremu yake, si tabia yake yote. "Fremu ya sita ulipiga kiti teke, dada aliyekuwa njia ya pili alishtuka akakosa." Usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp. Likijirudia, mwite tena na naibu wako akiwepo. La tatu ni la uongozi wa ligi, kwa maandishi.

Naye aliyekosea aombe radhi usiku uleule, kwa sentensi moja, bila kueleza jinsi pini ilivyokataa kuanguka.

Hatua ya 7: Ukweli wa alama

Mashine ya kuhesabu hukosea: pini imesimama, yenyewe inaandika imeanguka. Kosa likiwa kwa faida yenu, mtu wa kwanza kulisema awe wa timu yenu. Muite nahodha wa pili, mkubaliane, sahihisheni kabla ya mtu mwingine kurusha kwenye njia hiyo, maana baadaye kumbukumbu hugawanyika. Taa ya faulo nayo ikizimika halafu mguu wako ukavuka mstari, sema.

Kushusha wastani kwa makusudi mwanzoni mwa msimu ili kupata hendikapu kubwa ni udanganyifu. USBC inaweza kumfungia mchezaji kwa hilo. Nahodha anayempa mchezaji wake wazo hilo kwa utani amekwisha kumharibia jina.

Hatua ya 8: Fedha, bia na bahati nasibu

Ada hulipwa kabla ya mpira wa kwanza. Sehemu yake huenda kwa ukumbi na sehemu kwenye mfuko wa zawadi. Mchezaji asiyelipa humlazimisha nahodha kutoa mfukoni au kudaidai kila wiki, na urafiki hauvumilii madeni madogo ya kila Jumanne. Ligi nyingi hudai malipo ya wiki mbili za mwisho mapema, kwa hiyo uliza tarehe.

Kuna desturi kwamba wote wakipata straiki kwenye fremu moja isipokuwa mmoja, huyo mmoja hununua kinywaji. Inachangamsha timu, mradi asiyekunywa pombe anywe soda bila kuhojiwa na mwenye mfuko mwembamba aruhusiwe kutoshiriki. Vilevile michezo ya fedha ya pembeni, ile ya kuchangia dola moja na kubahatisha: wapo ambao dini yao inaikataa. "Mimi sishiriki, asanteni" likisemwa mara moja wiki ya kwanza, lisiulizwe tena.

Hatua ya 9: Wiki za mwisho

Kaeni chini kabla ya wiki tatu za mwisho mkubaliane jinsi zawadi ya timu itakavyogawanywa: sawa kwa sawa, au kwa idadi ya gemu alizocheza kila mmoja, na wachezaji wa akiba wapate nini. Ukisubiri bahasha ifike mezani, kila mtu atakuwa na kanuni inayomfaa yeye. Andikeni, kila mmoja apige picha karatasi.

Usiku wa mwisho msiondoke kabla ya mpinzani kumaliza fremu yake ya 10, hata kama mmeshashinda. Mwambieni nahodha usiku huohuo nani anarudi Septemba na nani harudi, ili apate miezi ya kiangazi kutafuta mtu. Na kama unaondoka kwa sababu ya mwenzako mmoja, mweleze nahodha faraghani ni nini hasa kilichotokea, kwa sababu yule atakayekaa kiti chako atakutana na jambo lilelile.